Pingili za mtini kutoka Tengeru: tathmini yangu baada ya kula tini zake

Majirani wa hapa Nkuhungu, Dodoma, wananiuliza nilikotoa mitini, na mashemeji wa Singida nao wameanza kupiga simu. Naandika yote kwa pamoja, kwa ajili yao na kwa yeyote anayeishi mkoa mkavu mwenye kauwanja mbele ya nyumba. Ninayemzungumzia ni mama mmoja wa Tengeru, Arusha, mwenye mitini uani kwake, anayeuza pingili, yaani vipande vya tawi vya kupanda, kwa WhatsApp na kuzituma kwa basi. Ameniomba nisitangaze namba yake, kwa sababu miti yake ni michache na wateja wake huelekezana wao kwa wao. Ombi hilo naliheshimu. Badala yake nitaeleza kwa undani anavyofanya kazi, ili muuzaji yeyote utakayempata ujue umdai nini.

Hukumu yangu naitoa mapema: ni huduma bora kuliko ya kitalu chochote nilichowahi kununua mti wa matunda, na nitaagiza tena. Ana kasoro mbili, nitazitaja. Pingili moja anauza Sh 3,000, na hauzi chini ya tano kwa aina moja. Mche wa mtini kwenye kiriba, hapa hapa Dodoma mjini, niliuziwa Sh 20,000. Hata hivyo bei siyo iliyonivuta. Kilichonivuta ni kwamba pingili inakuja na habari zake zote. Mti ilikokatwa unajulikana, tunda la mti huo linajulikana, na pingili haibebi udongo wa mtu mwingine. Hilo la udongo nitalirudia, maana ndilo lililonigharimu zaidi.

Kabla ya yote, niseme na wale wanaotaka kuotesha mbegu za tini kavu za dukani. Wengi wetu tuliijua tini kanisani na msikitini kabla ya kuionja, na tulipoionja mara ya kwanza ilikuwa kavu, ndani ya pakiti. Mbegu zile mara nyingi huota kweli, hasa za tini za Uturuki. Shida ni kitakachoota. Mitini ina madume na majike. Mtini dume hutoa tunda kavu lisilolika, na karibu nusu ya miche ya mbegu huwa madume. Katika hayo majike yanayobaki, mengine hurithi tabia ya Smyrna, aina ambayo hudondosha matunda yake machanga kama hayakuchavushwa na nyigu mmoja mdogo sana anayezaliana ndani ya tini dume. Wakulima wa California walipanda Smyrna wakakaa miaka bila kupata mavuno, mpaka nyigu huyo alipopelekwa kule akazoea, mwaka 1899. Aina kama Brown Turkey, Kadota na Black Mission hazimhitaji kabisa, tunda hujaa lenyewe. Na kwa kuwa tunda lililojaa bila kuchavushwa halina mbegu yenye uhai, mti wa namna hiyo huendelezwa kwa kukata tawi. Ni kazi ya kale mno. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za tini tisa ndogo zilizoungua, zilizofukuliwa kaskazini mwa Jericho katika bonde la Jordan, zenye umri wa zaidi ya miaka 11,000. Hoja yao ilikuwa kwamba ni za aina isiyo na mbegu hai, kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa akikata matawi na kuyapanda. Kama wamepatia, basi huenda binadamu alipanda pingili ya mtini kabla hajalima ngano.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji ni aina. Mfanyabiashara mmoja wa mtandaoni alinitangazia "Smyrna halisi ya Uturuki" kwa bei mara tatu ya kawaida, tena ilikuwa ikitoka nje ya nchi bila karatasi yoyote. Nilikataa. Kuingiza mimea kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na sheria hiyo ina sababu zake, kwa sababu ugonjwa wa miti unaweza kusafiri ndani ya kijiti kinachoonekana kizima kabisa. Nilipomuuliza mama wa Tengeru kama ana Smyrna, alinijibu, "Sina, na ningekuwa nayo nisingekuuzia. Utapata majani matupu, halafu utanilaumu mwanangu."

Nilivyoanza naye ilikuwa hivi. Niliandika, "Shikamoo mama, nimeelekezwa kwako, nahitaji pingili za tini." Akajibu kwa sauti, "Marahaba mwanangu. Uko wapi, maji yako yakoje, na jua linakaa uwanjani kwako muda gani?" Hakuniambia bei mpaka nilipojibu yote matatu. Ilikuwa mwezi wa tano, akaniambia nisubiri. Yeye hukata mwishoni mwa Juni na Julai tu, mti unapokuwa umepukutisha majani kwa baridi ya kule, kwa sababu wakati huo chakula cha mti kimelala ndani ya kijiti, na pingili huota kwa chakula hicho kabla ya kuwa na mzizi. Kuna wauzaji wanaokata mwezi wowote mteja akileta pesa. Tawi la mwezi wa pili, likiwa la kijani na limejaa maji, huoza kirahisi.

Nikiwa nasubiri alinitumia picha za miti miwili aliyopanga kunikatia: mti mzima, jani kwa juu, jani kwa chini, na tunda lililopasuliwa mkononi mwake. Picha za majani ndizo muhimu, na ndizo wauzaji wengine wasizotuma. Wao hutuma tunda tu, tena la kupakua mtandaoni. Mtini una ugonjwa wake wa batobato, unaosababishwa na virusi, na hupitia kwenye pingili moja kwa moja. Ukishaingia haupoi. Anayeijua batobato ya muhogo ataitambua hata kwenye mtini: mabaka ya njano, jani lililopinda upande, na kwenye mti uliozidiwa, matunda kudondoka machanga. Mama alinionyesha hata mti wake mmoja wenye mabaka, akasema huo hakati, ameuacha apate tini za kula nyumbani. Muuzaji anayekuonyesha mti wake mgonjwa bila kuombwa, mwamini.

Nililipa kwa M-Pesa siku aliyokata, siyo kabla. Akatuma picha ya boksi, namba ya basi na simu ya konda. Akasisitiza kwamba hatumi Ijumaa, maana kifurushi kikichelewa kuchukuliwa kitalala stendi mwisho wa wiki nzima, na joto la stoo huua macho ya pingili, yaani vichipukizi vyake.

Boksi nililipokea stendi ya Nanenane, nikalifungulia nyumbani mezani. Nitaeleza nilichokikuta, kwa sababu hapo ndipo utakapompimia muuzaji wako. Pingili zilikuwa zimezungushiwa gazeti lenye unyevu. Nimesema unyevu: nililikamua na halikutoa tone. Juu ya gazeti kulikuwa na plastiki nyembamba iliyobanwa vizuri. Kila fungu lilikuwa na utepe wa karatasi ulioandikwa aina na tarehe ya kukatwa. Kila pingili ilikuwa na urefu wa shibiri moja hivi, unene kati ya penseli na kidole cha mwisho, ganda la kijivu linaloelekea kahawia lenye vidoa vidogo vyeupe. Ukiitazama karibu unaona kwenye kila kifundo pete nyembamba inayozunguka kijiti kizima, alama ya kikoba kilichofunika chipukizi. Hiyo ndiyo sahihi ya mtini, na mkuyu wetu nao anayo, maana ni ndugu. Chini imekatwa sawasawa, karibu kabisa na kifundo, na utomvu ulikuwa umeshakauka. Juu imekatwa mshazari na kuchovywa kwenye nta ya mshumaa. Nta inazuia kijiti kukaukia njiani, na ule mshazari unakuzuia kupanda kichwa chini. Nilikwangua ganda kidogo kwa ukucha kwenye moja: chini yake kijani kibichi kinachong'aa.

Jirani yangu ni mzee wa Kigogo mwenye shamba la zabibu Hombolo, na maisha yake yote amekuwa akipanda zabibu kwa pingili. Nilimwita azitazame. "Mbukwa, mama," akanisalimu kwa Kigogo, akachukua moja, akaipinda taratibu, akaigeuza macho yatazame juu, akahesabu vifundo kwa kidole gumba bila kusema lolote. Kisha: "Huyu anayekata anajua. Hii na zabibu ni kazi moja. Kilaini kinaoza, kizee kinalala. Hiki ni cha mwaka jana, kimekomaa." Akatoa mbili pembeni, ncha za matawi, nyembamba kuliko penseli. "Hivi vitakusumbua." Na kweli vilinisumbua, hilo ni lawama langu la kwanza: pingili tano za aina moja zikihusisha ncha, hujapata tano. Nilimwandikia mama na picha. Hakubishana, akaahidi kufidia, na oda iliyofuata ya shemeji yangu ilikuja na za ziada juu yake.

Lawama la pili ni maelekezo. Ujumbe wake wa sauti ni mzuri, mrefu na wa upendo, lakini ni wa Tengeru. Anasema changanya udongo, mchanga na samadi, jaza kiriba, choma pingili, weka chini ya migomba. Tengeru kuna unyevu hewani na migomba ya kutosha. Dodoma mwezi wa saba usiku ni baridi, mchana hewa inakausha midomo, na upepo hauna adabu. Samadi kwenye pingili isiyo na mzizi, mahali popote, ni kuita kuoza. Anayeuza hadi mikoa mingine angepaswa kuwa na maelekezo ya ukanda mkavu pia, na nimemwambia hivyo.

Hivi ndivyo nilivyofanya mimi, na karibu zote zilishika isipokuwa zile ncha. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilianza na usafi: nilizisuuza kwenye maji yenye jiki kidogo, nikazikausha kivulini, na kila kisu na mkasi nilivipitisha kwenye spiriti. Nilivaa glavu. Hilo nalisisitiza kwa kila mtu, hasa wenye watoto wanaopenda kuchezea matawi: utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza, na yanaweza kutoka malengelenge yanayoacha alama nyeusi kwa muda mrefu. Osha kwa sabuni mara moja, usisubiri.

Nilitumia chupa za maji za lita moja na nusu, nimezikata shingo na kuzitoboa chini. Faida ya chupa ni kwamba unaona ndani. Mchanganyiko: mchanga mkubwa wa korongoni uliooshwa mpaka maji yakatoka safi, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi lakini hazijawa majivu. Hakuna samadi, hakuna udongo wa bustani. Nililowesha, nikaacha uchuruzike, nikaingiza pingili mpaka jicho moja tu, au mawili, yakabaki juu. Kila chupa nikaifunika kwa mfuko unaopitisha mwanga wenye tundu chache, nikazipanga ndani, jikoni, mbali na dirisha la upepo. Pingili za mtini hupenda joto la kama nyuzi 20 hadi 27, na usiku wa Dodoma wa Julai uko chini ya hapo, kwa hiyo nje haifai.

Dawa ya kuotesha mizizi, ule unga wa duka la kilimo, nilinunua na nikatumia kwa nusu ya pingili. Sikuona tofauti. Mtini ni mmoja wa miti rahisi kuotesha mizizi. Weka pesa yako kwenye pingili nzuri. Alovera, asali na mdalasini vinavyosifiwa sana sikuvigusa.

Kumwagilia ndiko watu wanakoua mitini. Baada ya kulowesha mara ya kwanza, kazi ni kunyanyua chupa na kusikia uzito. Ikiwa bado nzito, iache. Mchanganyiko unatakiwa uwe kama gazeti alilofungia mama: unyevu, bila tone. Na maji yetu yana chumvi. Ukiacha sufuria ikauke unaona ule unga mweupe. Mtini uliokomaa huivumilia chumvi ya kiasi, lakini mizizi michanga ni dhaifu, kwa hiyo kwa miezi ile ya mwanzo nilitumia maji ya mvua niliyokuwa nimevuna kwenye simtanki tangu masika. Hapo nilielewa kwa nini mama aliuliza habari za maji kabla ya bei.

Kuna kitu kinachowadanganya wengi, nacho ni jani. Jicho la juu huvimba, hupasuka, na jani dogo la kijani hutoka likiwa limejikunja, zuri kweli. Mtu hufurahi, huondoa mfuko, hutoa juani. Baada ya siku chache jani hulegea na kufa, na pingili nayo hufa. Jani lile lilitoka kwa akiba ya kijiti, chini hakukuwa na mzizi hata mmoja. Usiamini jani, amini mzizi. Kwenye chupa unaona: kwanza vipele vyeupe vinavimba kwenye vifundo na kwenye vile vidoa vya ganda, kisha vinapasuka na kutoa mizizi myeupe, minene kama uzi wa kushonea viatu, inayotambaa kwenye ukuta wa chupa. Kwa kawaida ni kati ya wiki ya tatu na ya sita. Mizizi ikishatanda na kuanza kuwa ya rangi ya maziwa ya chai, ndipo nilipoanza kufungua mfuko kidogo kidogo. Pingili iliyooza unaijua kwa pua kabla ya macho: harufu ya uchachu, na ganda huteleza ukilibonyeza. Itoe upesi, ukungu wake usihamie kwa wenzake.

Sasa ule mche wa Sh 20,000, nilioununua kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Ulikuwa mrefu, una majani mapana, umekaa chini ya neti nyeusi unapendeza. Nilipouliza aina niliambiwa "ni tini ya kisasa". Ulipofika kwenye jua letu majani yaliungua kingo, hilo ni la kawaida na lingepita. Lakini mti haukukua. Msimu ulipita umesimama pale pale, ukinyauka mchana hata siku niliyomwagilia. Mwishowe niliung'oa. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya umbo la kiriba, na kila mzizi ulikuwa na vinundu, vingine ukubwa wa njegere. Hao ni minyoo fundo, adui mkubwa wa mtini kwenye udongo wa kichanga, na walikuja na udongo wa kile kiriba mpaka kwenye shimo langu. Shimo lile sitapanda mtini tena, wala nyanya wala bamia, kwa sababu minyoo hao huwapenda wote. Nimepanda marigold pale, yale maua ya njano, maana hupunguza minyoo. Pingili safi iliyokuja na gazeti haiwezi kukuletea balaa hilo. Kama ni lazima ununue mche, mwambie muuzaji autoe kwenye kiriba uione mizizi. Akikataa, ondoka.

Kupanda nje nilisubiri mvua za Desemba. Mashimo ya sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza kabisa sasa inaruhusiwa, na nafasi ya mita nne kutoka ukutani, maana mizizi ya mtini inatafuta maji mbali na haina heshima kwa mabomba. Mchwa ndio walionipa wasiwasi. Matandazo ya majani makavu yanafaa sana kwa ukame wetu, lakini yakigusa shina mchwa hupanda nayo. Niliacha duara tupu kuzunguka kila shina na kupita asubuhi kuangalia vichuguu vya udongo kwenye ganda. Mbuzi wa mtaani nao hula majani ya mtini bila kusita, kwa hiyo aliye bila ukuta aanze na uzio wa miiba.

Na matunda? Mtini wa pingili hauchelewi. Tini huchomoza kwapani mwa jani, kwenye ukuaji mpya, na mwaka uliofuata baada ya kupandwa Brown Turkey ilishanipa za kuonja. Zile za kwanza, zilizoiva mvua ikiwa bado inanyesha, zilipasuka na kuchachuka mtini. Zilizoiva kuanzia Mei, mvua ikiwa imekata na jua limebaki, ni chakula kingine kabisa: ngozi ya zambarau-kahawia, ndani waridi, tamu ya wastani yenye harufu ya majani mabichi. Kadota kwangu ni bora zaidi. Ngozi yake ni ya kijani cha njano, ndani rangi ya asali, na inapoiva tundu la chini huzibwa na tone zito la utamu, hivyo sisimizi na nzi hawaingii kirahisi. Nikiambiwa nichague moja tu kwa Dodoma, nachagua Kadota.

Tini haiivi ikishachumwa, na ndiyo sababu zinazouzwa mbichi mijini mara nyingi hazina ladha. Isubiri mtini. Kwanza husimama wima na ngumu kwa wiki nyingi mpaka ukate tamaa, kisha ghafla huvimba, shingo inalegea, tunda linainama na ngozi inapata nyufa nyembamba nyeupe. Ukiichuma na kikonyo kikatoa maziwa, umewahi. Ndege wanajua siku hiyo kuliko wewe, kwa hiyo kila tunda linapoanza kuvimba nalivika kifuko cha chandarua kilichochakaa. Zinazozidi nazikata katikati na kuzianika juu ya ungo. Upepo wa Agosti unamaliza kazi haraka.

Kwa anayetaka kuagiza: mama anapokea oda kuanzia Aprili na anakata mwisho wa Juni mpaka Julai, zikiisha zimeisha. Aliye Nkuhungu au anayenifahamu aje nimuunganishe naye. Omba Kadota na Brown Turkey, sema wazi kwamba hutaki ncha, mwambie maji yako yakoje, na pokea boksi siku ile ile basi linapoingia. Pumba za mpunga na mchanga viandae kabla hujalipa.